Hotuba Inayomnasa Msomaji Wake

Mwaka 1983 Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliounda mfumo endeshi wa Unix katika maabara za Bell nchini Marekani, walitunukiwa Tuzo ya Turing. Hotuba ya Thompson ya kupokea tuzo hiyo ilichapishwa Agosti 1984 kwa jina la "Reflections on Trusting Trust". Ni ya kurasa tatu tu. Wengi huisifu kwa hoja yake: huwezi kuiamini programu usiyoiunda mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nadai kwamba nguvu ya hotuba hii imo katika mpangilio wake, na kasoro yake imo humo humo.

Thompson anaanza kwa kumsifu Ritchie. Anasimulia kwamba siku moja waligundua kila mmoja ameandika kivyake programu ile ile ya mistari 20, na alipozilinganisha zilifanana herufi kwa herufi. Kisa hiki kinasomeka kama salamu za adabu, kumbe kina kazi. Kinatuonyesha watu wawili wanaoaminiana kabisa, nasi tunaingia ndani tukiwa tumelegeza ulinzi.

Zinafuata hatua tatu. Ya kwanza ni programu inayojinakili yenyewe, inayoletwa kama burudani ya wanafunzi wa chuo. Thompson anataja kwa kupita tu kwamba programu ya aina hii inaweza kubeba mzigo wowote wa ziada, na mzigo huo ukanakiliwa pamoja nayo. Hauelezi mzigo huo, anasonga mbele.

Hatua ya pili inahusu kompaila ya C, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa lugha ya mashine, ambayo nayo imeandikwa kwa C. Ili kuifundisha alama mpya, \v, mara ya kwanza huna budi kuiandikia namba 11 inayoiwakilisha alama hiyo. Kompaila ikishajengwa upya, unaifuta namba hiyo kwenye msimbo, na bado kompaila inaijua. Hapa ndipo moyo wa hotuba ulipo: chombo kinakumbuka jambo ambalo maandishi yake hayalisemi tena. Mwandishi anayetaka kutisha angepaza sauti. Thompson anaandika kwa utulivu wa fundi anayemwelekeza mwanagenzi.

Hatua ya tatu haileti kifaa kipya hata kimoja. Kompaila inafundishwa kuitambua programu ya kuingilia mfumo na kuipenyezea nywila ya siri. Kisha inafundishwa kujitambua yenyewe, ili hila hiyo irithiwe na kila kompaila inayofuata. Msimbo unasafishwa, na mkaguzi hataona kitu. Nasi tumekwishakubali kila kipande kabla ya kujua kinajenga nini. Yaliyoikuta kompaila yametukuta sisi wasomaji, na huo ndio ustadi mkuu wa umbo hili.

Kasoro inaanza kwenye funzo. Thompson anakiri kwamba wa kutiliwa shaka zaidi ni kampuni zinazoajiri watu kama yeye, lakini ungamo hilo zito amelifungia ndani ya mabano. Mara anageuka kuwakemea vijana wanaodukua kompyuta na magazeti yanayowakuza, akilinganisha kosa lao na kuvunja nyumba ya jirani. Kukemea huko ni haki, ila hakutokani na hatua tatu alizozijenga. Hatua zile zilithibitisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mahubiri yanamnyooshea kidole mpita njia.

Tena, chimbuko la wazo amelisogeza hadi kwenye shukrani za mwisho, akitaja tu waraka wa Jeshi la Anga asioujua jina. Waraka huo, yaani tathmini ya usalama wa mfumo endeshi wa Multics iliyofanywa na Paul Karger na Roger Schell mwaka 1974, ulikuwa umekwishaonya kuhusu mlango wa siri ndani ya kompaila. Laiti onyo hilo lingewekwa mbele, mshangao wetu ungepungua, lakini tungejua mapema kwamba hatari ilitajwa miaka kumi kabla na haikushughulikiwa ipasavyo.

Hata hivyo, hatua zile tatu ni miongoni mwa maandishi bora ya taaluma ya kompyuta. Zisome polepole, uyapime mahubiri kwa kipimo cha hatua hizo, kisha yatoe yale maneno ya kwenye mabano uyaweke mahali pa hitimisho.