Hongera, Wasuka Ukili

Bibi aliyeteguka goti zamani hawezi tena kupanda mpunga, lakini mikono yake haijastaafu. Kwenye baraza za Unguja na Pemba bibi kama yeye ndio wanaotutandikia mikeka: ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi ukawa mkeka. Miguu imenyooshwa, mgongo umeegemea ukuta. Kiuno kikikaza, mjukuu huitwa aje kukanda kwa mafuta ya karafuu. Kusuka hakuponyi maumivu, tusidanganyane. Huyasahaulisha tu mpaka adhana ya magharibi. Mikeka ya plastiki ni rahisi, najua, na joto lake mwalijua. Bibi zetu, hongereni. Nawe msomaji, ukiwakuta sokoni, lipa bei uliyotajiwa.