Upande wa Pili wa Sahani

Bendi changa ya roki ya Nairobi ikitoa albamu mpya, mara nyingi huingia jukwaani na shabaha moja: kuupiga kila wimbo kama ulivyorekodiwa. Mwimbaji anavuta pumzi palepale alipoivuta studio, ngoma zinaingia kwa mpangilio uleule, na zile sauti ambazo watu wanne hawawezi kuzitoa kwa mikono yao hutoka kwenye kompyuta iliyojificha nyuma ya spika. Shoo ikiisha, mashabiki husema walipiga kama kwenye rekodi, na bendi huondoka imeridhika. Nadhani hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote ya kuitambulisha albamu, hasa ikiwa shoo yenyewe iko Makadara, huku Eastlands, katika kumbi za kijamii na viwanja vya Kaloleni, Jericho au Maringo. Ushahidi wala si wa kutafutwa mbali. Uko kwenye sahani za santuri za mji huuhuu.

Tuanze na ile sahani ndogo ya inchi 7 iliyozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba kama dakika nne au tano, basi. Bendi za rumba na benga za miaka ya 1970 zilikuwa na nyimbo ambazo ukumbini ziliweza kuvuka dakika hizo mara mbili au tatu, kwa hiyo dawa ikawa kuukata wimbo mmoja vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A na sehemu ya pili upande wa B. Cha kuangalia ni mahali kisu kilipopita. Sikiliza sahani za Orchestra Super Mazembe, bendi iliyoanza Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox chini ya Mutonkole Longwa Didos, ikahamia Nairobi mwaka 1974 na kubadili jina. Upande wa kwanza kwa kawaida unabeba kisa: beti, kiitikio, sauti zinazopokezana. Upande wa pili sauti zinajiondoa taratibu na gitaa zinashika usukani, yaani sebene. Aliyenunua sahani ilimbidi ainuke akaigeuze wakati miguu ndiyo kwanza imepata moto, na sidhani kama kuna aliyelalamika, maana alijua alichonunua ni kionjo tu cha kile kinachofanyika ukumbini. Huko upande wa kwanza ulikuwa na mipaka: wimbo unaanza vile, beti zinafuatana vile, kiitikio kinaingia pale. Upande wa pili haukuwa na mwisho uliopangwa. Mpiga solo aliutazama umati, akarudia mzunguko mara nne au mara ishirini, na ishara ya kufunga ilitoka kwa mtu mmoja akishaona wachezaji wamekolea vya kutosha.

Sasa ilinganishe na albamu ya leo. Katika Spotify wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka utimize sekunde 30, na hesabu hiyo imebadilisha utunzi kote duniani: kiitikio kimesogezwa mbele, utangulizi umefupishwa, na wimbo unakwisha dakika ya tatu kabla msikilizaji hajaurukia mwingine. Silaumu, biashara ni biashara, na sahani ya inchi 7 nayo ilikuwa na amri zake. Tofauti ni kwamba sahani ile iliuacha upande wa pili ukiwa hai mahali pengine. Bendi ya leo inayopiga albamu yake neno kwa neno huleta jukwaani upande wa A peke yake, nyimbo kumi na mbili mfululizo za dakika tatu tatu, na kila umati unapoanza kuchangamka wimbo unakatika na mtu anasema asanteni. Kazi halisi ya kuitangaza albamu ni kukitunga kile kipande kisichokuwemo.

Jengo nalo lina neno lake. Ukumbi wa Kaloleni umesimama tangu mtaa wenyewe ulipojengwa miaka ya 1940, na kumbi za kijamii za namna hiyo zilikusudiwa mikutano, siasa, harusi na matanga, si gitaa la umeme. Sakafu ni ngumu, kuta ziko tupu, hakuna pazia wala zulia la kunywa sauti. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 21 kutoka jukwaani, pigo la gitaa linaenda na kurudi kwa takriban sehemu ya nane ya sekunde. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, huo ndio muda wa robo ya pigo moja, kwa hiyo mwangwi wa noti ya kwanza unalikuta gitaa likiipiga noti ya pili. Gitaa la roki lenye mkwaruzo limejaza sehemu kubwa ya masafa ya sauti. Weka mawili ya aina hiyo, ongeza mwangwi, na maneno ya mwimbaji yanazama. Fundi wa sauti atapandisha kipaza sauti cha mwimbaji, ukuta utairudisha sauti hiyo nayo, spika zitapiga mluzi, na lawama zote zitamwangukia yeye, ilhali kosa lilianzia kwenye mpangilio wa muziki.

Bendi za rumba zililipita tatizo hili kwa kugawana nafasi. Solo lilikaa juu, gitaa la kati likajaza mapengo ya solo, gitaa la rithimu likakaa chini kidogo, besi ikaacha vipande vya kimya katikati ya midundo yake. Sauti za gitaa zilikuwa safi, noti fupi fupi, na hakuna aliyempanda mwenzake. Gitaa tatu zilisikika kama tatu hata ukumbi ukirudisha mwangwi. Bendi ya roki haihitaji kupiga rumba ili kulitumia somo hili. Gitaa moja liondolewe mkwaruzo wakati wa beti, la pili linyamaze mpaka kiitikio, na mpiga ngoma apunguze matoazi, ambayo ndiyo yanayouumiza ukumbi mtupu kuliko chombo kingine chochote. Uwanjani hali hugeuka. Katika uwanja wazi kama Camp Toyoyo hakuna ukuta wa karibu wa kurudisha chochote, sauti hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu, na besi iliyonguruma mazoezini inapotea hewani. Wimbo uleule wa albamu ileile unadai mpangilio mwingine Jumapili uwanjani kuliko ule wa Jumamosi ukumbini.

Wapo watakaosema msikilizaji ameujua wimbo kwenye simu au ndani ya matatu ya 58 akielekea Buruburu, na atakasirika ukibadilishwa. Kuna ukweli hapo, lakini mtu haukumbuki wimbo mzima kwa uzito mmoja. Anachokishika ni noti za kwanza za gitaa, kiitikio, pengine mstari mmoja wa ubeti wa pili. Hivyo visiguswe, na vingine viko huru. "Shauri Yako" ilikuwa ya Nguashi N'Timbo kabla Super Mazembe hawajaichukua na kuipiga kwa namna yao, na wengi Afrika Mashariki wanaijua kwa mikono ya Mazembe. "Kassongo" yao ya mwaka 1977 ilipofufuliwa na vijana wa Kenya mwishoni mwa 2024 kama utani wa kisiasa, ilikatwa, ikafupishwa, ikabandikwa kwenye video za kila namna, na bado kila mtu aliitambua.

Pingamizi la pili ni kwamba roki ina mila zake na haifai kupimwa kwa mizani ya rumba. Sawa, tuipime kwa mizani yake yenyewe. Mwaka 2006 bendi ya roki ya Radiohead walizunguka Ulaya na Amerika Kaskazini wakipiga nyimbo ambazo hazikuwa zimetoka, wakazibadilisha njiani, na nyingi kati ya hizo ziliingia katika albamu yao In Rainbows, iliyotoka Oktoba 2007. Hawa ni watu waliokuwa na uwezo wa kukaa studio watakavyo, na bado waliona jukwaa ndilo linalojua wimbo gani una uhai.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la ajira. Wanamuziki wa Les Mangelepa, walipojitenga na kiongozi wao Baba Gaston mwaka 1976, na Samba Mapangala na bendi yake ya Virunga miaka ya 1980, waliishi katika mji uliokuwa na vilabu vilivyoajiri bendi usiku baada ya usiku. Mahali pa namna hiyo wimbo hujaribiwa kwa wiki nyingi kabla ya kufika kwenye kipaza sauti cha studio. Bendi ya leo haina kilabu cha namna hiyo. Inapata shoo moja ya uzinduzi, mara nyingi mbali na Eastlands, kwa kiingilio ambacho kijana wa Makongeni hakimudu, na baada ya hapo ni kungoja mwaliko. Haiwezekani kukuza upande wa pili wa wimbo kwa shoo moja, hilo nakubali kabisa. Ila hilo linaniambia kwamba ratiba imewekwa kichwa chini, miguu juu. Fedha zinaishia kwenye video na uzinduzi, kisha bendi inaanza kujifunza nyimbo zake mbele ya watu waliolipa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa bendi yoyote inayokaribia kuingia studio mwaka huu ni wa gharama ndogo. Kodini ukumbi wa kijamii wa mtaani alasiri nne za Jumamosi, kabla ya kurekodi chochote studio. Pigeni nyimbo sita mpya, mziache ziende mpaka watu waonyeshe zinapochosha, na mrekodi kila shoo hata kwa simu. Studio ikafuate baadaye.