Nipe Mji

Kitendawili hutegwa. Kitenzi hiki ni cha mwindaji, yule anayeficha kitanzi majanini akimvizia kanga, na anayepata jibu husemwa ametegua, yaani ameufyatua mtego asinaswe. Wote wakishindwa, mtegaji hadai fedha wala mbuzi. Hudai mji. "Nipe mji," husema, nao humpa Mombasa au Tabora. Huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akastarehe, ndipo akarudi na jibu. Tangu utotoni nilidhani hilo la mji ni mzaha wa kuwatania walioshindwa. Kisiwa kimoja cha Uskoti kimenifanya nifikiri upya.

Kisiwa chenyewe ni Great Cumbrae, kwenye lango la bahari la mto Clyde. Ukipanda kivuko katika mji wa Largs, ulioko bara, unafika kwa dakika kama 10. Barabara inayokizunguka ina kilomita 16 hivi, nyingi zikiwa tambarare, ndiyo maana wageni hupenda kukodi baiskeli. Wakazi wake hawafiki 1,500, na karibu wote wanaishi katika mji mmoja, Millport, uliojikunja kufuata ghuba upande wa kusini. Husimuliwa kwamba mchungaji wa huko mwanzoni mwa karne ya 19, James Adam, alizoea kuviombea baraka visiwa vya Cumbrae, Kikubwa na Kidogo, kisha akaongeza visiwa jirani vya Uingereza na Ireland. Watu wamecheka kwa miaka 200. Mimi namwona kama mlezi wa sanaa ninayotaka kuisifu, kwa sababu hakuna awezaye kutega fumbo zuri juu ya mahali, asipoamini kwamba dunia nyingine yote ni jirani tu wa mahali hapo.

Sanaa yenyewe ni matembezi ya kusaka hazina. Mgeni hupewa karatasi yenye mafumbo kumi au kumi na mawili. Kila fumbo humpeleka mahali. Jibu huwa limechongwa ukutani, limesubuliwa kwa chuma, au limejificha juu ya kichwa chake. Kila jibu hutoa herufi moja, na herufi zote pamoja hujenga neno la mwisho. Hazina ni neno hilo, na pengine peremende kwa watoto. Anayeandika karatasi ile haweki jina lake popote. Huyo ndiye ninayemwita mtegaji.

Kazi yake huanzia miguuni. Njia ataitembea mara nyingi kabla hajaandika mstari mmoja: mara kwa mwendo wake, mara kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba, mara kwa mwendo wa bibi mwenye mkongojo, na katika pwani ya magharibi ya Uskoti, mara kadhaa katika mvua. Hujifunza kipi kinadumu na kipi kinapita. Duka hubadili jina, benchi huhamishwa, jiwe hubaki. Kisha huchuja. Akijua mambo 50 juu ya jengo moja, atayaacha 49 nyumbani. Hapa ndipo wasomi wengi wa historia hushindwa naye, maana wao hufurahia kutoa, na yeye mkono wake umezoea kuzuia.

Tumwone akiwa kazini, nami niazime kalamu yake kwa Kiswahili. Kila mtoto wetu anaijua nyumba isiyo na mlango: ni yai. Millport wanayo nyumba ya kinyume chake. Inaitwa The Wedge, yaani kabari, na upande wake wa mbele haupiti upana wa mlango wake. Inapanuka kadiri unavyoingia ndani. Basi ningetega hivi: nyumba yangu ina mlango, haina ukuta wa mbele. Anayesoma karatasi tu atakuna kichwa. Anayetembea taratibu mbele ya safu ya nyumba zinazotazama bahari atasimama ghafla, aangue kicheko. Kicheko hicho ndicho alama ya fumbo lililotegwa vyema: jibu likionekana, huonekana lote mara moja, na msakaji hushangaa amewezaje kupita hapo jana asilione.

Mbele kidogo, ufukweni, kuna mamba. Ni jiwe lenye umbo la kichwa, lililopakwa rangi: jicho, mdomo mwekundu, meno meupe. Vizazi na vizazi vya watoto wa Glasgow waliokuja likizo wamelipanda mgongoni. Mtegaji mchanga angeuliza mamba ana meno mangapi. Mkongwe hawezi, kwa kuwa anajua rangi hupakwa upya, na mpakaji wa mwaka ujao anaweza kuongeza jino au kulisahau. Angetega: mamba wangu bahari humfuata mara mbili kwa siku, na hajawahi kumla mtu. Kujaa na kupwa kwa maji hakupakwi rangi.

Ukipanda kidogo kutoka mjini, katikati ya miti, mnara mwembamba unachomoza. Ni Kanisa Kuu la Visiwa, lililochorwa na William Butterfield na kukamilika mwaka 1851. Hutajwa kuwa kanisa kuu dogo kuliko yote Uingereza. Waumini wapatao 100 wanalijaza. Aliyeligharimia, George Boyle, baadaye akawa Earl wa sita wa Glasgow, na kujenga makanisa kulichangia kumfilisi. Mtegaji angeweza kuuliza mwaka, jina, au deni. Lakini juu ya madhabahu dari imechorwa maua-mwitu ya kisiwa. Basi fumbo lake lingesema: bustani yangu hainyeshewi mvua, na anayeitafuta chini haioni. Msakaji ataingia akiwa ameinamia karatasi, atazunguka, atachoka, kisha atainua uso. Kwa kuinua uso huko amefanya kile mjenzi alichokusudia kila aingiaye akifanye. Fumbo la maneno machache limefanya kazi ya mahubiri.

Mafumbo mengine huunganisha nyakati mbili. Garrison House ilijengwa mwaka 1745 kwa ajili ya nahodha wa meli ya forodha iliyowasaka wafanya magendo katika maji haya; moto uliiunguza vibaya mwaka 2001, ikakarabatiwa, na leo ndani yake mna maktaba. Fumbo lake: alilala hapa mwinda magendo, leo huazimwa vitabu. Na ng'ambo ya maji, upande wa Largs, unasimama mnara mrefu wa duara uliojengwa mwaka 1912, ambao watu huuita Penseli. Unakumbusha vita vya Oktoba 1263, baada ya dhoruba kuzisukumia nchi kavu baadhi ya merikebu za Mfalme Haakon wa Norwei, zilizokuwa zimetia nanga karibu na Cumbrae. Miaka mitatu baadaye Norwei iliiachia Uskoti visiwa vya magharibi. Kalamu yangu imesimama tangu 1912, haijaandika hata herufi: hilo humtoa msakaji kisiwani kwa macho tu, likamwonyesha kwamba mlango huu mwembamba wa bahari uliwahi kuamua mpaka wa falme mbili.

Lakini ukamilifu wa mtegaji haujulikani katika mizaha. Kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, mahali paitwapo Tomont End, kuna mnara wa mawe wa kuwakumbuka maafisa wawili vijana wa meli ya Shearwater, waliozama mwaka 1844 mashua yao ilipopinduka karibu na hapo. Mtegaji mwenye adabu hatanii hapo. Huuliza jambo moja tu: meli iliitwaje? Mtoto atanakili jina herufi kwa herufi, na ili alipate itambidi asome yaliyochongwa jiweni. Atasoma kwa sauti, kama watoto wasomavyo, na vijana wawili waliokufa karibu karne mbili zilizopita watakuwa wametajwa tena mbele ya bahari iliyowachukua.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mtegaji wa matembezi ameugeuza msemo huo. Yeye hufumba ili wote wang'amue, na aliyeshindwa hamcheki. Hujilaumu mwenyewe, hurudi nyumbani akaufuta mstari, akautega upya. Mskoti mwingine, Robert Louis Stevenson, mwandishi wa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, alianza kwa kuchora ramani ya kisiwa mwaka 1881, na hadithi ikafuata kutoka kwenye ramani. Kisiwa chake ilimbidi akibuni. Mtegaji wetu amekikuta tayari, na hana ruhusa ya kuongeza hata jiwe. Ugumu wa sanaa yake uko hapo, na heshima yake pia.

Sasa naelewa kwa nini wazee wetu walidai mji. Walijua kwamba mji ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kinachoweza kutolewa kwa maneno. Barazani anayeshindwa ndiye anayeutoa. Millport, anayetegua ndiye anayepewa: jioni hupanda kivuko kurudi Largs akiwa na mji mzima kichwani, kabari, mamba, bustani ya dari na yote, na mtegaji hakupungukiwa na kitu.

Nawe, msomaji, una mtaa. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, shuka na karatasi. Tafuta mwaka uliochongwa juu ya mlango, au jina la kisima ambalo hakuna anayelitamka siku hizi. Waulize wazee lilitoka wapi. Kisha mwite mtoto mmoja wa jirani, umtegee.