'Kupakia' si 'kupakua'

JUZI nilikuwa Gikomba kwa kijana mmoja anayeunda tovuti. Alikuwa akijaribu mitandao ya muziki, Mdundo na Boomplay, ili kuusambaza wimbo wa rafikiye. Akaniambia: "Mwalimu, hiyo ngoma nishaipakua huko kote. Imebaki tu mashabiki waipakie kwa simu zao."

Amepindua. 'Kupakia' ni kuweka mzigo chomboni. 'Kupakua' ni kuutoa, uwe shehena melini au wali chunguni. Kiambishi -u- hutendua, kama katika 'funga' na 'fungua'.

Nashuku kinachomkanganya ni sahani: anayepakua chakula huwapa wengine, naye ahisi anawapakulia mashabiki muziki. Lakini chungu chenyewe ni mtandao. Hakipakuliwi kitu kabla hakijatiwa.

Kosa si dogo. Kwenye tovuti ya msanii huyo, kitufe cha mashabiki kiliandikwa 'Pakia wimbo'. Ajuaye Kiswahili ataona anaombwa wimbo, wala si kupewa, aende zake.

Nilimwonyesha wachukuzi wa mikokoteni pale nje, wakipakia marobota ya mitumba. Hao hawakosei.

Msanii hupakia, shabiki hupakua.