Kaa Vizuri: Mary Cassatt na Msichana Aliyechoka

Msichana huyu hajakaa vizuri. Amejiegemeza kwenye kochi, mkono mmoja nyuma ya kichwa, miguu imeachana na haifiki sakafuni, gauni limepanda. Kochi la pili limekaliwa na mbwa mdogo anayesinzia. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, aliichora picha hii mwaka 1878. Huitwa Msichana Mdogo kwenye Kochi la Buluu, na sasa iko National Gallery of Art, Washington.

Tumezoea kutafuta hisia za picha usoni mwa mtu. Hapa uso unasema machache. Macho yameangalia pembeni tu. Uchovu wenyewe uko kwenye makochi. Cassatt ameyapaka buluu kwa miguso ya haraka, michirizi ya rangi nyingine ikikatiza huku na huko, na mengine yamekatwa na ukingo wa turubai kana kwamba chumba hakikutosha. Fanicha haitulii, mtoto ametulia tuli. Tofauti hiyo ndiyo inayotufanya tuhisi mchana mrefu usioisha.

Tazama pia mavazi. Mshipi wa mirabaraba unafanana na soksi, na kichwani kuna utepe. Mtu mzima alimpamba ili atazamwe. Mwili wake unajibu kwamba ametazamwa vya kutosha.

Edgar Degas, rafiki wa wazazi wa mtoto huyo, alisaidia kuchora sehemu ya nyuma, jambo ambalo Cassatt mwenyewe alilieleza baadaye katika barua. Ni rahisi kulitumia hilo kumpunguzia Cassatt sifa. Mimi sikubali. Mkono wa Degas ulikipa chumba kina, lakini kina hicho kingebaki nafasi tupu bila mtoto anayekataa kukijaza kwa tabasamu.

Mwaka huohuo picha ilikataliwa katika sehemu ya Marekani ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, na Cassatt alikasirika sana. Alikuwa na haki. Wasichana wengi tumekua na amri ya kukaa vizuri, kufunika miguu, kuchangamka mbele ya wageni. Watu husema Waimpreshonisti walichora mwanga. Katika picha hii Cassatt alichora kitu adimu zaidi: mtoto wa kike anayeruhusiwa kuchoka bila kumwomba mtu radhi.