Maji Yaliyopimwa: Uhakiki wa "Oil on Water"

Riwaya ya Helon Habila wa Nigeria, iitwayo Oil on Water, ilitoka mwaka 2010. Mandhari yake ni Delta ya mto Niger, nchi ambayo mafuta ya kufaa biashara yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Mwanamke Mwingereza, mke wa mhandisi wa mafuta, ametekwa nyara. Kijana Rufus na mzee Zaq, waandishi wa magazeti wote wawili, wanasafiri kwa mashua kumtafuta. Njiani wakuta vijiji vitupu, ndege wafu, na maji yaliyotanda mafuta. Siasa imo humu: aliyepotea mmoja atafutwa na magazeti na majeshi, vijiji vilivyopotea havina mtafutaji.

Wapo wasemao kwamba nchi huharibiwa kwa kukosa elimu. Watawala wangalijua, wangalizuia. Riwaya hii yakanusha neno hilo. Daktari wa jeshi amsimulia Rufus jinsi alivyopima maji ya kijiji kimoja, akakuta sumu yazidi, akawapa wakubwa habari. Wakamshukuru, na karatasi zake zikalala kabatini. Watu wakaendelea kufa. Mzee Malabo naye alikataa kuuza ardhi ya kijiji chake. Alikamatwa, akafia kifungoni, na ardhi ikachukuliwa. Ujuzi ulikuwapo, uwezo wa kuwalazimisha wenye nguvu wausikie ndio uliokosekana.

Wala hayo si ya kubuni tu. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya nchi ya Waogoni. Huko Nisisioken Ogale, maji ya visima yalikuwa na sumu ya benzini zaidi ya mara 900 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeyalalamikia madhara ya mafuta katika nchi hiyo, alikuwa amekwisha nyongwa na serikali ya kijeshi tarehe 10 Novemba 1995.

Ila ya riwaya ni moja, nayo si ndogo. Wanavijiji waonekana kwa macho ya wapita njia: wasema kidogo, kisha mashua yaendelea. Hata Malabo asimuliwa akiwa marehemu. Kitabu kinachoyalaumu magazeti kwa kuwapita watu hawa, chenyewe chawapita upesi. Hata hivyo, msomaji aliyeanza kwa kuuliza habari za mateka mmoja hukifunga akiuliza habari za kijiji kizima, na hapo Habila amefaulu.