Jicho la Mpita Njia na Jicho la Mwenyeji: Uchoraji wa Sam Ntiro

Mtu asimamapo Kitete, mjini Tabora, yu karibu na njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Miembe mikongwe ya nchi ile aghalabu hunasibishwa na misafara hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1861 alifika hapo, mahali palipoitwa Kaze, James Augustus Grant, askari Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alichukua rangi za maji, akachora watu, mimea na nchi aliyoipita. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, nayo yamfaa sana mwanahistoria. Walakini ni kazi ya mpita njia. Mpita njia huandika alichokiona leo, kwa kuwa kesho hatakuwapo.

Je, nchi huonekanaje ikichorwa na aliyezaliwa ndani yake? Jibu moja lapatikana mbali na Unyanyembe, katika migomba ya Kilimanjaro.

Samuel Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyewaonya wanafunzi wake wasiige Ulaya. Mwalimu huyo aliwasimulia tukio kwa maneno, nao wakalichora kama walivyoliona moyoni. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ntiro alifundisha hapohapo Makerere, akaenda kusoma katika Slade School, London, mwaka 1952, akarejea mwaka 1955. Baada ya uhuru wa 1961 alikuwa balozi wa Tanganyika jijini London. Na baadaye alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Ulimwengu waijua Kilimanjaro kwa theluji ya kilele chake. Katika picha mashuhuri za Ntiro theluji hiyo siyo bwana. Bwana ni mteremko uliolimwa, na watu walio kazini. Picha yake ya mwaka 1956 iliyomo katika Museum of Modern Art, New York, yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mpita njia angaliweza kuchora migomba ile. Lakini nani angalimwambia pombe ile yaenda kwa nani, na kwa nini? Hapo ndipo ilipo tofauti. Kwa Ntiro mandhari si kitu kitazamwacho kwa mbali, bali ni mahali pa wajibu: pa kulima, pa kuvuna, pa kuoa.

Wapo waliomwona kuwa mchoraji wa kitoto, kwa sababu watu wake ni wadogo, rangi zake ni bapa, na masomo ya London hayakuibadili sana mikono yake. Hukumu hiyo yapasa kukataliwa. Aliyesoma Slade School alijua namna ya kuonyesha umbali. Akiuacha, ameuacha kwa hiari. Umbali humpa mtazamaji mmoja mahali pake pa kusimama, na vingine vyote hupangwa kwa ajili yake. Ntiro hakutaka mtazamaji awe mkubwa kuliko watazamwao.

Lawama iliyo ya haki ni nyingine. Nyuso za watu wake hazitengani, na kazi yao haina ugomvi. Hali Kilimanjaro ya wakati wake ilikuwa nchi ya kahawa, yenye chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Nayo ilikuwa nchi ambamo vihamba vilizidi kuwa haba kadiri watu walivyoongezeka. Umoja ulikuwapo, na uhasama wa mipaka pia. Ntiro alichora picha nyingi akiwa mbali na kwao, na moyo wa aliye mbali hukumbuka mavuno kuliko mashauri ya baraza. Mwenyeji naye, basi, ana upofu wake: huficha aibu ya nyumbani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Tabora atakayeuchora mwembe wa njia ya zamani ana walimu wawili. Kwa Grant atajifunza kutokudharau jani wala shina. Kwa Ntiro atajifunza kuuliza nani aliupanda, nani aula leo. Lakini swali la tatu hakuna hata mmoja wao atakayemfundisha: chini ya kivuli kile waliketi wenye mizigo na waliofungwa minyororo, nao pia ni sehemu ya mandhari.